Kompyuta Haioteshi Vimelea

Mwaka 2007, watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kutisha. Miongoni mwa watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la gram-hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Kutibiwa kwa dawa ambayo bakteria walikuwa wameshaizoea ni moja ya mambo yaliyoambatana na vifo hivyo.

Tangu hapo mengi yamefanyika. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilianzisha mfumo wa GLASS wa kukusanya takwimu za usugu wa vimelea dhidi ya dawa kutoka nchi mbalimbali. Tanzania na Kenya zilizindua mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu huo mwaka 2017. Hospitali nyingi za umma nazo zimeacha majalada ya karatasi na kuingia kwenye kompyuta. Swali ni je, kompyuta hizo zinamlinda mgonjwa aliyelala wodini?

Zinaweza kumlinda. WHONET, programu ya kuhifadhi na kuchambua majibu ya maabara, hutolewa bure na imekuwapo tangu mwaka 1989. Maabara ikiingiza humo kila kimelea kilichooteshwa kutoka kwenye sampuli ya mgonjwa, pamoja na dawa zilizokiua na zilizoshindwa, hospitali hupata jedwali la mwaka linalomwonyesha daktari dawa ipi bado inafanya kazi hospitalini hapo. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Wagonjwa watatu wa wodi moja wakipatikana na bakteria aina ya Klebsiella wenye usugu unaofanana ndani ya wiki moja, mfumo unaweza kutoa tahadhari. Muuguzi wa udhibiti wa maambukizi ataanza kukagua mikono, mipira ya mkojo na vifaa vya kupumulia kabla mgonjwa wa nne hajaambukizwa.

Lakini mfumo hula kile unacholishwa. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, ulibaini kuwa kati ya maabara zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zinapima bakteria. Kwingineko daktari huandika dawa kwa kubahatisha, na kompyuta huhifadhi bahati nasibu hiyo kwa unadhifu. Hata penye maabara, mara nyingi sampuli huchukuliwa baada ya dawa ya kwanza na ya pili kushindwa. Takwimu za namna hiyo huonyesha usugu mkubwa kuliko uliopo, na zinaweza kumsukuma daktari kukimbilia dawa kali zilizopaswa kuwa akiba.

Wapo wanaosema fedha za mifumo zingenunua sabuni, maji ya uhakika na vitakasa mikono. Wana hoja, kwa sababu usugu husambaa wodini kupitia mikono zaidi ya njia nyingine yoyote. Hata hivyo, bila takwimu hakuna atakayejua sabuni imefanya kazi wapi na imeshindwa wapi. Vyote vinahitajika, ila kwa mpangilio: kwanza maji na sabuni, kisha maabara yenye vitendanishi mwaka mzima, kisha mfumo unaounganisha maabara na wodi.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakina bei. Majibu mengi husafiri kwenda juu, wizarani na WHO, huku wodi iliyotoa sampuli ikibaki gizani. Uongozi wa hospitali nao huogopa kwamba kutangaza maambukizi kutaichafulia jina. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hospitali inayoripoti mlipuko mapema inastahili kupongezwa, na ile isiyoripoti chochote mwaka mzima ndiyo ya kukaguliwa.

Kwa hiyo wizara zisipime mafanikio kwa idadi ya kompyuta zilizofungwa. Zipime mambo mawili: wagonjwa wangapi walichukuliwa sampuli kabla ya kupewa dozi ya kwanza, na majibu yalichukua saa ngapi kumfikia daktari. Hospitali isiyoweza kujibu maswali hayo haina mfumo wa kudhibiti usugu, hata kama ina kompyuta katika kila chumba.