STIMA YA UPEPO NA RIZIKI YA MFANYA KAZI



Mtu akitoka Mutuini asubuhi kwenda kazini, na mawingu yakiwa hayapo, huona juu ya vilima vya Ngong mapanga meupe yanazunguka. Ndiyo mitambo ya stima ya upepo. Miwili ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, na leo iko mingi, yenye nguvu ya megawati 25 na nusu. Upepo hauletwi kwa meli wala hauombi mshahara. Kwa hiyo majirani hutuuliza, "Mbona bei ya stima haishuki? Na ninyi mafundi mnalalamikia nini?" Maswali ni mawili, lakini jibu ni moja, na kila mwanachama yafaa alijue.

Kwanza twasema wazi kwamba hatupingi stima ya upepo, ya jua wala ya mvuke. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981. Mwaka 2019 ikafunguliwa mitambo 365 ya upepo huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, yenye megawati 310, na mwaka huo huo stesheni ya jua ya Garissa yenye megawati 50. Leo karibu yuniti tisa katika kila kumi zinazotengenezwa hapa Kenya hazitokani na mafuta. Nchi nyingi tajiri bado hazijafika hapo. Tena wachimbaji wa visima vya KenGen, watoto wa nchi hii, wamekwisha itwa Ethiopia na Djibouti kwenda kuchimba. Ni sifa ya mfanya kazi, nasi twajivunia.

Basi taabu iko wapi? Twaiona katika mambo matatu: mikataba, nyaya, na saa.

Tuanze na mikataba. Kampani ya Kenya Power haitengenezi stima nyingi, bali hununua na kuuza. Hununua kwa KenGen, na hununua kwa makampani ya watu binafsi kwa mikataba ya miaka 20 au zaidi. Mingi ya mikataba hiyo husema lazima mwenye mtambo alipwe, stima yake ichukuliwe au isichukuliwe. Ni kama mtu aliyekodi lori kwa mwezi mzima: apate mzigo asipate, mwenye lori hudai kodi yake. Tena malipo mengi huhesabiwa kwa Dola au Euro, hivyo shilingi ikianguka deni hupanda. Mwaka 2021 Rais aliunda kamati ya kuchungua mikataba hii. Kamati ikaona kwamba makampani ya binafsi yalitoa kama robo tu ya stima, lakini yalichukua karibu nusu ya fedha za kununulia. Ndugu, chukua karatasi yako ya tokeni uisome. Utakuta gharama ya mafuta, utakuta gharama ya fedha za kigeni, utakuta na kodi. Upepo ni wa bure, lakini mkataba si wa bure.

Pili ni nyaya. Mitambo ya Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya za kuleta stima hiyo Suswa, mwendo wa kilomita zaidi ya 400, zilimalizika Septemba 2018. Mapanga yalisimama yakingoja waya, na wananchi wakabebeshwa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikuwasha hata taa moja. Kisha usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kampani ilisema stima ya Turkana ilipotea kwa ghafula. Wenye mitambo wakajibu kwamba kosa lilitoka kwenye nyaya za taifa. Sisi hatukuitwa kuamua. Lakini fundi yeyote ajua hili: upepo huja na kuondoka, na mtandao wa nyaya uliojengwa kwa stima ya mabwawa na mafuta hauwezi kubeba stima ya namna hii kama hautengenezwi na kuangaliwa kila siku na watu wenye ujuzi.

Tatu ni saa. Jua hung'aa mchana. Lakini mama wa Mutuini huwasha taa, pasi na televisheni kuanzia saa moja hadi saa nne za usiku, na hapo jua limekwisha tua. Saa hizo ndipo mitambo ya dizeli huwashwa. Usiku wa manane, watu wamelala, mvuke wa Olkaria huachwa upotee hewani kwa sababu hapana wa kuutumia. Jioni tunachoma mafuta ya kununua, na usiku tunatupa mvuke wetu wenyewe.

Juu ya haya matatu kuna jambo jipya. Matajiri na wenye viwanda wanaweka vioo vya jua juu ya mapaa yao. Chuo Kikuu cha Strathmore kilianza mwaka 2014, na duka kubwa la Garden City likafuata mwaka 2015. Tangu hapo wengi sana wameiga. Hatuwalaumu, maana kila mtu hutafuta nafuu. Lakini angalieni matokeo yake. Mchana hawanunui, na usiku hurudi kwenye waya ule ule, wakitaka uwe tayari. Mikataba ya miaka 20 haikupungua hata senti. Sasa nani ataibeba? Ni yule asiye na paa lake mwenyewe, mpangaji wa chumba kimoja anayenunua tokeni ya shilingi mia. Na kampani ikiona fedha zimepungua hutazama upande wa mfanya kazi: nafasi hazijazwi, na kazi ya nguzo hupewa makontrakta. Kijana wa kibarua hupanda nguzo leo, na kesho hana kazi. Akianguka, mke wake hajui aende ofisi gani.

Na mafundi wa dizeli je? Mwaka 2021 mkataba wa mitambo ya Tsavo Power huko Mombasa ulikwisha baada ya miaka 20, na mitambo ikazimwa. Mingine itafuata. Ni vizuri moshi upungue. Lakini mtu aliyejua injini kwa miaka 20 si chuma chakavu cha kuuzwa pamoja na injini.

Kwa hiyo twataka mambo manne.

1. Kabla ya stesheni yo yote ya mafuta kufungwa, wafanya kazi wake wafundishwe kazi ya jua, ya upepo au ya mvuke, na wapewe nafasi huko.

2. Kazi ya nyaya ifanywe na mafundi wa kudumu, wenye viatu, mikanda na bima. Kontrakta akitumiwa, watu wake wapate haki zile zile.

3. Mwenye vioo vya jua anayetaka waya umngoje usiku alipe sehemu yake ya waya. Sheria ya mwaka 2024 imemruhusu kurudisha stima yake ya ziada kwenye waya na kuhesabiwa. Hiyo ni haki yake, na kuutunza waya ni wajibu wake.

4. Mvuke wa usiku usitupwe. Viwanda vilipewa bei nafuu ya usiku tangu Desemba 2017, na pikipiki na magari ya stima mwaka 2023. Imfikie na mwenye nyumba ndogo.

Wako watakaosema kwamba madai ya wafanya kazi ndiyo yatakayopandisha bei. Twawajibu: fungueni mikataba mezani, tuisome pamoja, tuone mshahara wa fundi ni kiasi gani na malipo ya mtambo uliolala ni kiasi gani. Tukikuta sisi ndio wenye kosa, tutakubali. Lakini mpaka leo vyama huitwa baada ya mambo kukatwa, kuambiwa tu yaliyoamuliwa.

Ndugu, mkutano ujao kila mtu aje na karatasi yake ya tokeni. Fundi wa stima, mchinjaji wa Dagoretti na mama wa kibanda wakae benchi moja waisome. Mashindano si kati ya anayelipa stima na anayepanda nguzo. Wote wawili wanakaa mtaa mmoja, na mara nyingi nyumba moja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.