Januari si mwezi wa kuuza nyumba

Mwezi wa Januari una sifa moja ambayo hakuna mzazi wa Kenya asiyeijua. Ni mwezi wa karo. Vijana wa mjini, kwa ucheshi wao, wameubatiza 'Njaanuari', na ama kwa hakika hawakukosea. Ndio mwezi ambapo mbuzi, ng'ombe, gari kuukuu na hata kipande cha shamba hupelekwa sokoni ili mtoto asirudishwe nyumbani. Katika miaka ya hivi karibuni nimeona mali nyingine ikijiunga na msafara huo, nayo ni nyumba ya kitongojini: ile nyumba ya vyumba vitatu huko Ongata Rongai, Kitengela, Ruiru, Juja au Mtwapa, ambayo mwalimu au karani alijinyima miaka na mikaka kuijenga kwa mikopo ya chama cha akiba.

Hoja yangu leo ni kwamba wengi wetu huuza nyumba wakati mbaya, na kwamba hasara tunayoipata haitokani na uchache wa wanunuzi pekee, bali na jinsi tunavyojitosa sokoni. Auzaye shati kwa hasara amepoteza shati. Auzaye nyumba kwa hasara amepoteza sehemu ya umri wake, maana miaka aliyoitumia kulipa mkopo hairudi.

Je, ni wakati upi unaofaa? Msomi wa siku hizi akiulizwa swali hili hukimbilia simu yake, na jibu analolipata ni la Marekani au Uingereza: uza majira ya machipuko, baina ya Aprili na Juni. Kwa wenyewe jibu hilo ni sahihi. Wakati huo baridi kali imekwisha, maua yamechanua na jua linachelewa kutua. Aidha, shule za huko hufungwa katikati ya mwaka na kufunguliwa Agosti au Septemba, hivyo familia inayonunua nyumba Mei hupata likizo nzima ya kuhama. Sisi tukilinakili jibu hilo neno kwa neno, tutamkaribisha mnunuzi katikati ya masika, viatu vikiwa vimejaa matope na barabara ya kitongoji ikiwa imegeuka kijito. Walimu wanaielewa kasoro hii vyema. Mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani yake bila kutazama kama wamepewa swali lile lile hapati alama.

Hebu basi tuliulize swali upya, kwa mazingira yetu.

Jambo la kwanza ni shule. Anayenunua nyumba kitongojini aghalabu ni mtu mwenye watoto, na hapendi kuwahamisha katikati ya mwaka wa masomo. Ni kweli kwamba janga la Korona liliivuruga kalenda yetu, hata mwaka wa masomo wa 2022 ukaanza mwezi wa Aprili. Lakini tangu 2023 tumerejea desturi yetu ya kuanza Januari. Kwa hiyo likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo inayompa mnunuzi nafasi ya kufunga virago bila kumkatizia mtoto masomo.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea hesabu. Husema, maadamu watu huhama Desemba, na sisi tutatangaza Desemba. La hasha! Nyumba haiuzwi kama nyanya. Mnunuzi akikubali bei, mawakili huandika mkataba, arubuni hulipwa, nayo desturi ni asilimia 10 ya bei, kisha mikataba mingi hutenga siku 90 za kukamilisha mauzo. Anayetaka kukabidhi funguo mwishoni mwa Novemba hana budi kuwa ametia sahihi mwishoni mwa Agosti. Na ili atie sahihi Agosti, nyumba inapaswa kutangazwa Juni au Julai. Anayetangaza Desemba atajikuta akisubiri afisi za mawakili na za serikali zifunguliwe baada ya Krismasi, na punde si punde Januari itakuwa imembishia hodi.

Jambo la pili ni mvua. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, nayo vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Katikati yake, Juni hadi Septemba, Nairobi na viunga vyake huwa katika kipupwe: njia zimekauka, bustani ingali na ukijani ulioachwa na masika, na rangi ya ukuta haijapakwa tope. Kwa macho ya mnunuzi huo ndio wakati nyumba inapopendeza, na wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, sipendi msomaji anielewe vibaya. Sisemi kwamba kiangazi kitumiwe kama pazia la kufichia aibu ya nyumba. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa watu makwao katika sehemu nyingi za nchi, Kitengela na Athi River zikiwamo, na tangu hapo mnunuzi mwerevu huwauliza majirani maji yalifika wapi. Ambaye nyumba yake ilistahimili masika na apige picha za ua wake Aprili, azihifadhi, kisha amwonyeshe mnunuzi Julai. Picha hizo zitamtetea kuliko dalali yeyote. Na ambaye nyumba yake huingiwa na maji, afadhali achimbe mtaro kabla ya kuweka kibao cha mauzo.

Jambo la tatu ni fedha. Katika nchi za Magharibi wanunuzi wengi hutumia mikopo ya rehani. Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Taarifa za Benki Kuu ya Kenya zilionyesha kwamba mwishoni mwa 2023 nchi hii yenye watu zaidi ya milioni 47 ilikuwa na mikopo ya rehani takriban 30,000 tu. Mnunuzi wetu basi huokoteza: akiba hapa, mkopo wa chama pale, mchango wa ndugu aliye ughaibuni. Ndugu huyo, akiwa Marekani au Uingereza, hupata likizo ya watoto wake katikati ya mwaka, na wengi huja nyumbani Julai na Agosti, wengine Desemba. Anayekuja Julai ana muda wa kuiona nyumba, kukutana na wakili na kutia sahihi kabla hajapanda ndege. Anayekuja Desemba aghalabu huja kwa harusi, matanga na sherehe, akaondoka na ahadi tu.

Ipo pia nafasi ya pili, fupi, kuanzia katikati ya Februari hadi Machi kabla mvua haijakolea. Huu ni msimu ambapo vyama vingi vya akiba na mikopo hutoa gawio kwa wanachama. Gawio halinunui nyumba, lakini huweza kutimiza arubuni. Ambaye hakufanikiwa Julai anaweza kuijaribu nafasi hii.

Lakini kuna miaka ambayo hesabu hizi zote hupanguka. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Nani amesahau 2017, Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais na taifa likarudi debeni Oktoba? Mwaka kama huo mwenye pesa huzikumbatia, akingoja kuona kutakuchaje. Anayekusudia kuuza nyumba mwaka wa uchaguzi na aharakishe kabla ya masika, au avute subira hadi mwaka unaofuata. Vivyo hivyo na riba. Februari 2024 Benki Kuu iliipandisha riba yake hadi asilimia 13, na haikuanza kuipunguza mpaka Agosti mwaka huo. Mikopo inapokuwa ghali kiasi hicho, hata Julai iliyo nzuri namna gani haiwezi kumwongezea mnunuzi uwezo ambao hana.

Fauka ya hayo, liko suala la kodi, ambalo wengi hulisikia wakati maji yamekwisha kuzidi unga. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali ilirejeshwa 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, na tangu Januari 2023 imekuwa asilimia 15. Mlipaji ni muuzaji. Tuseme nyumba ilikugharimu shilingi milioni 4 nawe ukaiuza kwa milioni 7. Faida ni milioni 3, na kodi yake, kabla ya kuondoa gharama zinazoruhusiwa, ni shilingi 450,000. Hata hivyo, sheria inamsamehe mtu binafsi anayeuza makao yake mwenyewe, iwapo ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu iliyotangulia mauzo. Tafakari hili, ewe msomaji. Aliyehamia nyumba yake miaka miwili na miezi kumi iliyopita, akaiuza leo kwa sababu ya karo, huenda akalipa kodi ambayo angeliepuka kwa kungoja miezi miwili. Dalali anayelipwa kwa asilimia ya bei hatamkumbusha.

Halafu ziko karatasi. Kuta za mitaa yetu zimejaa maandishi ya kuonya kwamba ploti hii haiuzwi, jambo linaloonyesha jinsi matapeli walivyomtia hofu mnunuzi. Muuzaji mwenye hatimiliki iliyo kwa jina lake, aliyelipa ada za kaunti, na ambaye mke au mume wake ameridhia kwa maandishi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, huyo ana Julai yake mwezi wowote. Asiye na hizo anaweza kutangaza nyumba yake wakati mzuri kuliko wote, mnunuzi akaja na kuondoka. Ikiwa ardhi yenyewe ingali imeandikishwa kuwa ya kilimo, kama zilivyo nyingi katika viunga vya miji, kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi lazima kiombwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba ufanywe. Mkataba usio na kibali hicho hauna nguvu.

Najua kuna atakayenijibu kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mwenye mtoto mlangoni na barua ya karo mkononi atangojaje Julai? Swali hili ni la haki, nami silipuuzi. Lakini karo si mgeni ajaye bila taarifa. Mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la mwisho la shule ya msingi anajua mwaka na mwezi atakaohitaji fedha. Vivyo hivyo mwalimu, ambaye umri wake wa kustaafu ni miaka 60, anaijua tarehe yake ya kuondoka kazini miongo kadhaa kabla. Kama nyumba lazima iuzwe kwa ajili ya karo ya Januari, basi iuzwe Agosti iliyotangulia, fedha ziwekwe benki na mtoto aende shuleni bila mzazi kumpigia magoti mnunuzi. Na penye uwezekano wa kuikodisha nyumba ili kodi yake ilipe karo, familia na ilijadili jambo hilo kwanza, kabla ya kufikiria kuuza.

Ukweli ni kwamba mnunuzi hununua nyumba na vilevile huinunua dhiki ya muuzaji. Huuliza kwa upole, "Mbona unauza?" na jibu likiwa ni karo, bei huanza kuteremka palepale. Anayeulizwa hivyo mwezi wa Julai, karatasi zake zikiwa tayari, anaweza kukataa bei duni na kungoja mnunuzi wa pili. Wa Januari hana uwezo huo wa kusema la, na uwezo huo ndio wenye thamani kubwa kuliko maua ya bustani na rangi mpya ya ukuta.

Nawasihi walimu walifikishe somo hili darasani, hasa katika hesabu na masomo ya biashara. Tunawafundisha vijana kukokotoa faida na hasara kwa mifano ya machungwa na madaftari. Wapeni mfano wa nyumba iliyouzwa Januari na nyingine kama hiyo iliyouzwa Agosti, pamoja na kodi, arubuni na siku 90. Wengi wao watakapokuwa watu wazima, nyumba ndiyo itakayokuwa mali kubwa pekee watakayowahi kumiliki. Wajue mapema kwamba mwezi wa kuiuza huchaguliwa mwaka mmoja kabla, wakati bado mtu ana nafasi ya kuchagua.