Tusiupe Utitiri Majina ya Kubahatisha

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Natoa maoni yangu juu ya jambo dogo kuliko kichwa cha pini, ambalo limetutia katika mabishano tangu muhula ulipoanza. Siku ya Wazazi inakaribia, na Chama chetu cha Sayansi kitaonyesha sanduku la madundu pamoja na vichupa vya utitiri tulioukuta juu ya miili yao. Wenzangu wengi wataka kila kichupa kiwe na jina kamili la Kilatini. Mimi nasema hapana.

Kwanza niungame kosa langu. Nilipokuwa Kidato cha Pili niliokota nyuma ya zizi la shule dundu mmoja wa wale wasukumao madonge ya kinyesi cha ng'ombe. Chini ya kifua chake, katikati ya miguu, walijaa vijidudu vya hudhurungi wakikimbia huku na huku. Nikawapangusa kwa brashi na spiriti ili dundu apendeze, wachache nikawatia katika kichupa na kuandika, "Chawa wa dundu. Kimelea." Nikasifiwa kwa usafi! Kumbe maneno hayo machache yalikuwa na makosa mawili. Chawa ana miguu sita, na hawa walikuwa na minane, maana utitiri ni jamaa ya kupe na buibui. (Lakini miguu nayo si ya kutegemea peke yake, kwa kuwa kitoto cha utitiri kikitoka yaini kina sita.) Na kimelea je? Nilimwona akinyonya nini? Sikuona kitu. Nilidhani tu.

Sasa nafahamu ya kwamba wengi wa wapandao dundu ni abiria. Wale wa jamii ya Macrocheles hung'ata nywele za dundu kwa taya zao na kushikilia mpaka afike kwenye kinyesi kipya. Hapo hushuka wakala mayai ya nzi na funza wachanga. Wasafirio hivyo mara nyingi ni majike waliokomaa. Kundi jingine, la Uropodina, husafiri likiwa bado changa: hutoa ute mkunduni, ute ukakauka ukawa kijiti, na mdudu akaning'inia juu yake kama embe kwenye kikonyo. Wengine tena wana vikombe vya kunatia chini ya tumbo, na katika umri huo wa safari hawana hata kinywa cha kulia. Wanyonyaji wa kweli wapo pia. Hao hukaa chini ya mbawa ngumu, na majike yao yamepoteza baadhi ya miguu, kwani hawana safari tena. Basi mtu akitazama kwa kioo cha kukuzia mahali mdudu aliposhika na namna alivyoshika, ataweza kutenga makundi haya bila kubahatisha sana. Huo ndio uwezo wetu, nami naona si haba.

Kutoka hapo mpaka jina la aina moja ni mwendo mrefu. Macrocheles peke yake wana aina zaidi ya 300. Kuzitenganisha ni lazima mdudu aloweshwe katika dawa mpaka aonekane ng'avu, alazwe chali juu ya kioo cha hadubini, kisha zitazamwe ngao za tumboni, michoro yake, na umbo la unywele mmoja mmoja. Nasi kitabu tulicho nacho ni cha wadudu wa Ulaya. Wenzangu hufuata maswali yake, ndiyo au siyo, mpaka jina litokee. Lakini kitabu cha namna hiyo hakijui kusema "huyu simjui." Ukimpelekea mgeni, kitakupa jina la jirani yake.

Hata huko Ulaya wenyewe waliteleza. Wako madundu wazikao mizoga ya panya ili watoto wao wale, nao hubeba utitiri wa Poecilochirus. Kwa muda mrefu wengi wao walihesabiwa kuwa aina moja, Poecilochirus carabi. Wataalamu walipowafuga na kuwapa madundu wa kuchagua, ilidhihirika ya kwamba ni aina mbili, kila moja na dundu impendaye. Kwa macho walikuwa karibu sawasawa. Ikiwa hao walikosea, sisi wa hadubini moja kwa wanafunzi arobaini tutafanyaje?

Rafiki yangu aliniuliza, "Jina likikosewa, nani ataumia?" Nikamjibu kwa habari ya Australia. Madundu wa huko walizoea kinyesi cha wanyama kama kangaruu, hawakufaa sana kwa cha ng'ombe, na nzi wakazidi. Kati ya 1965 na 1985 wakaletewa madundu wa nje, wengi kutoka Afrika. Wakaletewa pia utitiri wa kusini mwa Afrika, Macrocheles peregrinus, ule mayai ya nzi. Mtu akipeleka chupa yenye jina la uongo katika kazi ya namna hiyo, amepeleka mnyama asiyejulikana katika nchi ya watu.

Najua wazazi watapenda kuona maneno marefu ya Kilatini, na kijikaratasi kifupi kitaonekana kama uvivu. Hata hivyo napendekeza tuandike hivi: utitiri, kundi lake, dundu aliyembeba, sehemu ya mwili aliposhika, mahali na tarehe. Palipo na nafasi ya aina tuache wazi, na wadudu wawili watatu wabaki katika spiriti, asije mwenye kujua akakuta kijikaratasi tu.

Kichupa changu cha Kidato cha Pili bado kimo kabatini, safu ya tatu. Kundi nimekwisha litambua. Dundu namkumbuka, zizi nalikumbuka. Tarehe sikuiandika, na sasa haipatikani tena.