Alama Nyekundu Bafuni Kwetu

Likizo iliyopita nilisafiri kwa teksi kutoka Arua hadi Koboko nikiwa nimepakata boksi lenye koki nne. Zilikuwa miksa: mbili za sinki, moja ya hodhi la kuogea na moja ya jikoni. Zilikuwa zinang'aa hata unajiona pua ndani yake, na kila moja ilikuwa na alama nyekundu upande mmoja na ya buluu upande wa pili. Nyumba niliyokuwa nazipelekea, ambayo familia yetu inaijenga Lurujo, haina maji ya moto. Haina heta wala waya wa kuiwasha, na katika vikao vyote vya familia hakuna aliyewahi kusema kwamba itakuwa nayo. Hata hivyo tulilipia upande mwekundu kama tulivyolipia upande wa buluu.

Nasema "tulilipia" kwa sababu na mimi nimo. Shangazi alituma picha kutoka Kampala kwa WhatsApp, akaandika, "Mwanangu, nataka kama hizi." Mwenye duka akazishusha kutoka rafu ya juu kabisa, akaifungua na kuifunga moja hewani, bila maji, nami nikaridhika. Sikuuliza imetengenezwa kwa madini gani. Sikuuliza inahitaji msukumo gani wa maji. Nimesoma fizikia hadi sekondari, lakini siku hiyo nilinunua koki kama mtu anayenunua hereni.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii tunaikariri tangu shule ya msingi, na katika maduka ya vifaa vya ujenzi imetuponza. Koki inayong'aa inajiuza kweli. Kazi yake, lakini, huwezi kuiona dukani. Unaiona baada ya miezi sita, saa kumi na mbili asubuhi, jerikeni ikiwa mkononi.

Hesabu yenyewe ni ndogo, na ingefaa ibandikwe kwenye mlango wa kila duka la hadwea West Nile. Kila mita moja ya maji yaliyo juu ya koki inakupa msukumo wa takriban bar 0.1. Tangi letu limekaa juu ya kitako kilicho mita tatu kutoka ardhini. Koki ya sinki iko karibu mita moja kutoka sakafuni. Tangi likikaribia kuisha zinabaki mita mbili, yaani bar 0.2. Miksa nyingi za mtindo ule zimeundwa kwa ajili ya nyumba zenye bar 1 au karibu na hapo. Ili tuipate bar hiyo bila pampu ya umeme, tungelazimika kuinua tangi mita kumi juu ya koki, sawa na ghorofa tatu, tena kwa nyumba ya chini yenye vyumba vinne.

Fundi alipofungua maji kwa mara ya kwanza, yalitoka kama uzi. Nilichukua saa ya simu nikapima: jerikeni ya lita 20 ilijaa kwa dakika kumi na moja. Hodhi letu linabeba lita 150 hivi, yaani jerikeni saba na nusu. Anayetaka kulijaza angoje saa moja na dakika ishirini. Na maji hayo yanatoka wapi? Wakati wa masika yanatoka kwenye paa. Kiangazi kikishika, Desemba hadi Machi, yanatoka kwenye pampu ya mkono ya U2 iliyo chini ya barabara, na hayapandi tangini yenyewe. Yanabebwa na binamu zangu wawili wa kike kabla hawajaenda shule. Nani basi aliyemchagulia Shangazi lile hodhi, ikiwa wanaolibebea maji hawakuulizwa?

Watu wa mjini watasema hayo ni ya kijijini. Lakini Arua, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, unachota maji yake kutoka mto Enyau. Mto huo hupungua kiangazi, na masika hubeba udongo mwekundu unaofahamika kwa kila aliyevuka daraja lake. Ndiyo maana karibu kila mwenye uwezo ana tangi nyumbani, maana hajui bomba litakauka lini. Na palipo na tangi pana mashapo chini yake. Miksa ya mkono mmoja ndani yake ina katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyosuguana. Chembe moja ya mchanga ikiingia katikati inavikwaruza, na koki inaanza kudondosha. Ukitaka kubadilisha katriji, lazima upate ya kipimo kilekile. Fundi wetu alizunguka maduka ya Koboko na ya milimita 40, na iliyohitajika ilikuwa ya milimita 35. Koki ya kizamani, ile ya kuzungusha, ndani yake ina kipande cha mpira kinachoitwa washa. Kinapatikana hadi kwenye kioski kinachouza betri na kandambili, na unakifunga mwenyewe ukiwa na spana.

Kuhusu umeme wa kuchemshia maji nitasema kidogo tu. Kwa miaka mingi mji mzima wa Arua ulitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5, kilichoanza kufanya kazi mwaka 2012. Gridi ya taifa imetufikia juzijuzi. Kama heta zitakuja, zije, na siku hiyo tutanunua miksa. Koki si mti kwamba uipande leo ivune wajukuu.

Rafiki yangu mmoja darasani aliniambia nina roho ya umaskini. Kwamba watu wa West Nile wakijenga vizuri lazima atokee mwenzao wa kuwarudisha kwenye kibuyu. Hoja hii inaniuma kwa sababu ina historia nyuma yake. Tumezoea kusikia kwamba sisi ni watu wa nyuma, na bafu linalong'aa ni jibu la haraka kwa dharau hiyo. Naielewa. Lakini tuwaangalie hao tunaowaiga. Nchini Uingereza nyumba nyingi za zamani zina koki mbili mbalimbali kwenye sinki moja, ya moto na ya baridi, na wageni huwacheka kwa hilo. Walifanya hivyo kwa sababu: maji ya baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mji na yalinyweka, ilhali ya moto yalipitia tangi la darini ambamo hata panya angeweza kufia. Hawakutaka yakutane ndani ya koki moja, yale machafu yakapata njia ya kurudi kwenye masafi. Kwa hiyo waliangalia kwanza maji yao yanatoka wapi, ndipo wakachagua koki. Sisi tumechukua koki ya mtu mwingine tukaacha akili iliyoichagua. Na ajabu ni kwamba kosa walilolikwepa wao baadhi ya mafundi wetu wanalifanya: upande wa buluu wanaunga bomba la mji, na upande mwekundu, ili usikae bure, wanaunga tangi. Mkono wa miksa ukiachwa katikati, maji ya tangi na ya bomba yanatembeleana.

Bibi yangu ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Ana vidole vilivyokaza, hawezi kukunja ngumi. Nyumba inajengwa kwa ajili yake. Nilidhani mkono mmoja wa miksa utamfaa kuliko koki ya kuzungusha, na hapo wanaoipenda miksa wana haki, nakubali: kusukuma ni rahisi kuliko kukamata na kuzungusha. Lakini mkono ule mfupi wa mviringo uliteleza kwenye sabuni, na alipousukuma ulikwenda upande wa alama nyekundu. Hakukutoka kitu. Akangoja. Akasogeza kiganja chini yake, akangoja tena, halafu akaniita: "Mjukuu wangu, nimeharibu kitu chenu?" Mimi niliyebeba boksi lile kutoka Arua nilisimama mlangoni nikakosa neno.

Mwezi uleule nilimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya kufungwa kidonda. Koki ya chumba hicho ilikuwa ya kuzungusha, fupi, nzuri kwa macho. Muuguzi aliifungua kwa mkono uliogusa kidonda, akanawa vizuri sana, halafu akaifunga kwa mkono uleule msafi, akaurudishia alichokuwa ameosha. Shirika la Afya Duniani linaelekeza koki ifungwe kwa kutumia karatasi au taulo. Karatasi haikuwepo. Koki ya mkono mrefu, inayofungwa kwa kiwiko, ingemaliza tatizo hilo bila karatasi na bila semina. Nasi tunaishi mpakani. Mwaka 2019 Ebola ilithibitishwa Kasese, na mwaka huohuo mgonjwa akathibitishwa Ariwara, ng'ambo ya pili tu ya mpaka wetu na Kongo. Wakati huo hakuna aliyeuliza koki inang'aa kiasi gani. Chombo kilichowasaidia wengi vijijini ni kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa na kuvutwa kwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Wanaosema nataka kuturudisha kwenye kibuyu wajue kwamba kibuyu hicho, kilichobuniwa Zimbabwe, kimezingatia mkono mchafu kuliko koki ya chumba kile.

Mhadhiri mmoja aliniuliza, kwa upole, mada hii inahusu nini katika somo la Kiswahili. Nimjibu hapa. Tangu 2022 serikali imekuwa ikitangaza Kiswahili kifundishwe na kitumike, nasi tunaandika insha kuhusu umoja wa Afrika Mashariki. Lakini nilipoingia dukani sikuwa na maneno ya kuulizia nilichohitaji. Dar es Salaam wanasema bomba, neno tulilolipata kwa Wareno, nalo ni bomba la kupitisha maji, la kuvuta maji na la kutolea maji, yote hayo kwa jina moja. Mombasa na Unguja wanasema mfereji. Mafundi wanasema koki, na nimelichagua hilo kwa sababu linataja kile kifaa kinachofunga na kufungua, si njia ya maji. Mwenye duka wetu alisema tapu, nikakubali. Mnunuzi asiye na jina la katriji hawezi kuulizia katriji. Anabaki kuonyesha picha kama Shangazi.

Kwa hiyo safari hii nimeandika. Mjomba anaanza kujenga Arua, na ameniomba orodha ya vifaa vya bafuni. Nimemwandikia hivi: koki za baridi tupu, nusu inchi kwa sinki, robo tatu kwa bafu kwa kuwa pale maji mengi yanahitajika haraka. Ziwe za shaba nyeupe iliyo nzito mkononi, maana zile nyepesi za madini ya zinki hukatika kwenye nyuzi fundi akikaza. Mkono mrefu wa kusukuma. Kichujio kinachofunguka na kuoshwa kwenye mdomo wa tangi, kabla maji hayajafika kwenye koki yoyote. Koki ndogo ya kufungia chini ya kila sinki, ili moja ikiharibika nyumba nzima isikae bila maji. Hodhi lisiwepo. Badala yake koki ya ukutani, iwe juu kiasi cha jerikeni kusimama chini yake, kwa sababu jerikeni hazitaondoka mwaka huu wala ujao, na nyingine chini, karibu na kiti cha kukalia, ya udhu na ya kuoshea miguu.

Bei ya miksa moja ya Shangazi inatosha kununua koki tatu kati ya hizo, pamoja na kichujio. Nimemtumia na yeye nakala. Ameisoma, nimeziona zile tiki mbili za buluu, ila bado hajajibu.