Popo wa Kitaka

Katikati ya mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walishikwa na homa kali, ikathibitika kuwa ni ugonjwa wa Marburg. Humo mgodini waliishi popo zaidi ya laki moja, wa aina ile ilayo matunda na kulala mapangoni. Shauri likakatwa upesi: popo wauawe. Nyavu za kuvulia samaki zikatandazwa milangoni, matundu yakazibwa kwa vijiti na nailoni, na popo wakafa kwa maelfu. Wataalamu walioukagua mgodi mwishoni mwa 2008 hawakumkuta hata mmoja.

Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika sehemu za Kabale na mji wa Ibanda, usio mbali na Kitaka, ukathibitishwa kwa watu 15. Wataalamu wakarudi mgodini. Popo walikuwa wamerejea, wachache sana kuliko wa zamani. Lakini ambapo mwaka 2007 wenye virusi walikuwa kama 5 katika kila 100, safari hii walikuwa 13. Tena baadhi ya virusi hivyo vilifanana mno na vile vya wagonjwa wa mwaka huo.

Jambo hilo lina maelezo yake. Popo huyu hubeba virusi vya Marburg bila kuugua, na akishaambukizwa mwili wake hujenga kinga. Miongoni mwa waliouawa Kitaka walikuwamo wenye kinga hiyo. Yadhaniwa kwamba mahali pao pakajazwa na wageni na watoto wasiokuwa nayo, ambao huambukizana kwa wepesi. Popo hao huzaa mara mbili kwa mwaka, na virusi huzidi kila watoto wanapofikia umri wa miezi sita hivi.

Virusi hutoka katika mate, mkojo na kinyesi cha popo. Askari wa doria aliyenyeshewa porini huliona pango kuwa ni nyumba ya bure, naye huko huweza kuhesabu kunguni na nyoka asimkumbuke aliye darini. Watoto nao huokota tunda lililotafunwa nusu chini ya mti. Hilo ni la kutupwa, hata likiwa tamu namna gani.

Lakini msiba mkubwa hutokea nyumbani. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa: homa ya ghafla, kichwa kuuma, viungo kulegea. Mke husema ni malaria, na nani amlaumu? Humfuta mumewe jasho, humfulia shuka, huondoa matapishi kwa mikono mitupu; na ugonjwa huu humpata mwingine kwa njia hiyo hasa, kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, au maiti wakati wa kuosha. Mgonjwa aliyetoka pangoni au mgodini apelekwe hospitali mapema, na daktari aambiwe alikolala, hata kama mkubwa wake kazini hakumpa ruhusa ya kulala huko. Maneno hayo machache huwaokoa wauguzi pia. Mwaka 2024 nchini Rwanda waliugua watu 66 wakafa 15, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa watumishi wa hospitali.

Popo mwenyewe hana sababu ya kuchukiwa. Husambaza mbegu na chavua za miti mingi. Katika mbuga ya Queen Elizabeth liko Pango la Chatu, lenye popo wa aina hiyo hiyo. Mtalii wa Kimarekani aliyeingia humo aliugua Marburg akapona. Mwenzake wa Kiholanzi, mwaka 2008, alikufa. Popo hawakuuawa. Kilijengwa kibanda cha kutazamia, hatua kadhaa kutoka mlangoni mwa pango, na wageni huwatazama popo kutoka humo.