Ubongo Haupigwi Tu

Hadi leo wapo wanaoeleza ugonjwa wa maltipo sklerosisi kana kwamba ubongo ni mhanga tu: askari wa kinga hutoka kwenye damu, huvamia, hutafuna mayelini inayofunika nyuzi za neva, basi. Napinga maelezo hayo. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa inawagharimu wagonjwa.

Ubongo una walinzi wake. Mhispania Pío del Río-Hortega aliwapa jina la mikroglia mwaka 1919. Huingia ubongoni mimba ikiwa bado changa, na kukaa humo. Husafisha mabaki ya seli zilizokufa. Lakini wakichochewa mno, humwaga kemikali zinazoziumiza neva zilezile wanazozilinda.

Nani huwachochea, nani huwatuliza? Sehemu ya jibu ni neva zenyewe. Hutoa nyuropeptidi, minyororo mifupi ya protini inayobeba ujumbe, na mikroglia wana vipokezi vya kuupokea. Dutu P, iliyogunduliwa na Ulf von Euler na John Gaddum mwaka 1931, huchochea uvimbe. VIP, nyuropeptidi nyingine ambayo Sami Said na Viktor Mutt waliitoa kwenye utumbo wa nguruwe na kuitangaza mwaka 1970, huutuliza: maabarani hupunguza TNF, kemikali ya uvimbe inayotolewa na mikroglia. Panya waliotiwa ugonjwa unaofanana na huu, walipopewa VIP, walipata nafuu.

Nitaambiwa kwamba panya si mtu. Kweli, na VIP huvunjika ndani ya damu kwa dakika chache. Bado si dawa ya ugonjwa huu, na anayeiuza kama tiba anadanganya. Nitaambiwa pia kwamba dawa zinazozuia seli za kinga za damu zinafaa. Zinafaa sana kupunguza mashambulizi. Lakini kuna mgonjwa asiyepata shambulio jipya, na bado kila mwaka hatua zake zinafupika. Kwake dawa hizo husaidia kidogo, na sababu moja ni kwamba kwenye kingo za makovu yake ya zamani mikroglia bado wamewaka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mgonjwa hahitaji ukuta mwingine dhidi ya damu pekee. Anahitaji watafiti wajue neva zake zinawaambia nini walinzi wake, na namna ya kuwatuliza bila kuwaua, maana usafi wa ubongo bado unawategemea wao.