Majeraha ya utotoni na ugumu wa kusoma nia za watu

Saikosisi ni hali inayomvurugia mtu mpaka kati ya yaliyopo na yasiyokuwepo. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hushikilia kwamba anafuatiliwa, anarogwa, anatajwa redioni. Skizofrenia ndiyo maradhi yanayojulikana zaidi kwa dalili hizi. Sauti na hofu ndizo majirani wanazoziona, na ndizo ambazo kwa wagonjwa wengi dawa huzituliza. Lakini upo upungufu mwingine usio na kishindo, unaomtoa mgonjwa kazini, katika ndoa na barazani hata baada ya sauti kunyamaza: kushindwa kutambua mwenzake anawaza nini, anataka nini, anahisi nini.

Uwezo huo huonekana mapema. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walionyesha kwamba mtoto huanza kuelewa kwenye umri wa miaka 4 hivi kuwa mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo si kweli. Mwaka 1992 Mwingereza Chris Frith alitoa hoja kwamba dalili nyingi za skizofrenia zinatokana na hitilafu katika uwezo huohuo. Miaka 3 baadaye yeye na Rhiannon Corcoran, pamoja na mwenzao, waliupima kwa visa vifupi. Katika kimojawapo, mtu anafika ofisini kwa mwenzake baada ya safari ndefu barabarani na kusema safari ilikuwa na joto kali. Anayesikiliza anatakiwa atambue kwamba msemaji anaomba kinywaji. Wenye skizofrenia walikosea zaidi ya watu wasio nayo, na tafiti nyingi zilizofuata zimeukuta upungufu huo hata kwa waliokwisha kupata nafuu.

Kukosea kwenyewe ni kwa namna mbili. Wapo wasioona nia ambayo kila mtu mwingine ameiona, na wapo wanaoona nia pasipo na nia yoyote: abiria aliyekohoa ndani ya daladala ametoa ishara, jirani aliyefunga dirisha ameanza njama. Namna hii ya pili ndiyo inayokaribiana zaidi na imani za kuandamwa. Na kwa watu wa Pwani, ambako kanga husema na mafumbo ni sehemu ya mazungumzo ya kila siku, ni rahisi kuona jinsi mgonjwa wa namna hii anavyoweza kuteseka kwa maandishi ya nguo ambayo hayakumlenga yeye.

Mtu hujifunzaje kusoma nia? Peter Fonagy na wenzake jijini London, wakiendeleza kazi ya John Bowlby kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake, wanajibu kwamba mtoto huzielewa fikra za wengine kwa kuwa kwanza zake zilieleweka. Mtoto analia usiku, mama anamkumbatia na kumwambia, "Umeogopa radi." Hapo mtoto anajua kilichomo ndani yake kina jina, na kwamba mtu mwingine anaweza kukijua bila kumdhuru. Anayekulia kwenye kipigo au kunajisiwa hulazimika kuusoma uso uleule unaomuumiza. Baadhi huacha kabisa kuwazia mkubwa huyo anafikiri nini, maana jibu linatisha. Wengine hukesha wakichungulia kila kope linalotikisika, na huendelea hivyo hata wanapofika kwa watu wasiowatakia ubaya. Aliyetelekezwa hana hata uso wa kusoma.

Takwimu zinalipa uzito jambo hili. Mwaka 2012 Filippo Varese na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 36 na kukuta kwamba walioteswa au kutelekezwa utotoni wana uwezekano wa kupata saikosisi karibu mara 3 ya wengine. Ukubwa wa tatizo hapa nyumbani unajulikana pia: uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili.

Bado uhusiano si hukumu. Watoto wengi walioteswa hawapati saikosisi kamwe, urithi wa damu una sehemu kubwa, na wapo wagonjwa waliolelewa kwa upendo mtupu. Matokeo kuhusu kiungo cha kati, yaani kama majeraha hupitia kwenye uwezo wa kusoma nia, hayajalingana; baadhi ya tafiti zimekiona, hasa kwa waliotelekezwa, nyingine hazikukiona. Tahadhari hii ni ya lazima. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama anayesababisha skizofrenia, na kwa miongo kadhaa akina mama wakabebeshwa lawama isiyo na ushahidi. Dhuluma hiyo isirudiwe.

Kuuliza, hata hivyo, si kulaumu. Wapo wahudumu wanaohofia kwamba kumgusia mgonjwa mateso ya zamani kutaamsha sauti. Jaribio la Uholanzi lililotangazwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 155 wa saikosisi waliokuwa pia na maradhi ya kiwewe, lilionyesha kwamba tiba ya kuyakabili mateso hayo ilipunguza kiwewe bila kuzidisha saikosisi. Kwa hiyo swali la utotoni lina haki ya kuwemo kwenye mahojiano ya kwanza ya kila kliniki, likiulizwa faraghani na mtu aliye tayari kusikiliza jibu hadi mwisho.

Nyumbani nako kuna kazi isiyohitaji cheti. Anayemuuguza ndugu wa namna hii aweke mafumbo pembeni na aseme wazi: "Nimenuna kwa sababu ya kodi ya nyumba, si kwa sababu yako."